Ulisema Nile, Nikasikia Nilie

Mama,

Tangu tukuzike pale Busunzu, mimi na mume wangu, mwanao Elia, tunakula kwa zamu. Mmoja anampakata mjukuu wako Zawadi, mwingine anafakamia kilichopo, halafu tunapokezana. Wa pili anakuta ugali umepoa. Siku inaisha hatujakaa mkekani pamoja hata mara moja. Yaani nina mume na sina, jamani!

Unakumbuka tulivyokuwa 2012, tulipooana? Elia akitoka kazini ananipitia shuleni ninakofundisha, tunakwenda stendi ya Kibondo kula chipsi mayai, sahani moja, tunagombania kachumbari. Nyumbani jiko linalala baridi. Ulitucheka: "Nyinyi mnakula kama abiria." Na mimi, mtoto wa Tanga, nikiona mawese nakunja pua. Mboga bila nazi kwangu haikuwa mboga.

Nilipojifungua ukaja na kuku wako na maharage yako. Ukanisogezea bakuli, ukasema kwa Kiha, "Urye, mwana wanje, urye." Mimi nikasikia "ulie". Nikajiuliza, kumbe huku mzazi analizwa? Basi, mila za watu. Nikalia, Mama! Nililia kwa adabu kabisa, na kadiri nilivyolia ndivyo ulivyozidi kunihimiza. Elia alipoingia alicheka mpaka akakaa chini: "Mama anasema ule!" Nawe ukacheka, ukajifuta machozi kwa kitenge. Nikala. Maharage ya mawese na ugali wa muhogo, nikafuta bakuli, nikaramba vidole. Njaa haina baunsa, na ya anayenyonyesha ndiyo usiseme.

Toka hapo, kila chakula kikiiva ulimnyakua mjukuu wako ukatoka naye uani. "Kaeni, mule pamoja." Tukikuuliza wewe je, ulijibu umeshakula. Niliamini! Juzi wifi ndiyo kaniambia ulikuwa unakula mwisho, unakwangua ukoko wa sufuria. Loo, Mama. Imeniuma. Nimelia, na safari hii hakuna aliyeniambia nilie.

Leo nikasema basi, hii nyumba haiwezi kuendelea hivi. Nimetandika mkeka, nikamweka Zawadi katikati yetu. Kamwaga maharage, katia mkono kwenye mchuzi, kampaka babake mawese usoni. Hakuna aliyeshiba vizuri. Lakini tumekula pamoja, na Elia amecheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Pumzika, Mama. Nakuahidi kitu kimoja. Siku Zawadi naye akijifungua, nitampokonya mtoto nitoke naye uani, ili yeye na mumewe wale chakula kikiwa cha moto. Wakiniuliza, nitawaambia nimeshakula.

Mkamwana wako,
Mama Zawadi