Bwawa la Dahabo Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Chai bila maziwa tena. Punda wa maji amechelewa. Dahabo hajala. Anakaa mkekani, uso kwa ukuta, anakohoa. Dada yangu huyu alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde. Ukame umewamaliza wote huko Fafi, na mumewe akawafuata. Binti yake Sahra, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, ndiye aliyemleta kwangu. Akasema, Abti, mjomba wangu, wewe ni mtu wa maneno, mchangamshe mama. Nimemsimulia ile ya simba niliyemfukuza kwa kiatu. Hata hakugeuka. Simba yule alimchekesha mpaka mkuu wa wilaya.

Nimeamua. Nitamchimbia bwawa nyuma ya nyumba. La kutazama tu. Akae kando ya maji, roho itulie.

Jumatano, 14 Agosti

Nimechora ramani nyuma ya kalenda ya duka. Umbo la figo. Nilipokuwa askari wa nyumba ya Mzungu kule Nairobi, bustanini kulikuwa na bwawa kama hilo. Maua juu, samaki wekundu chini. Hapa mjini kila mtu anajua mimi ndiye niliyelibuni. Nililinda miaka mingi, na kulinda kitu ni nusu ya kukibuni.

Urefu wa vitanda viwili. Pembeni maji ya goti, katikati ya kiuno. Chini ya mwarobaini, jua lisiyanywe. Mwalimu Mutua, jirani yangu Mkamba, amenikopesha sururu. Akauliza mbele ya watu mkahawani kiboko nitamweka wapi. Nikamjibu kiboko yuko njiani, anaaga watoto. Mkahawa mzima ulicheka. Nilicheka nao. Moyo mzito lakini.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimechimba. Viganja malengelenge matupu. Juu mchanga, chini pagumu kama fuvu la ngamia. Nimeleta udongo wa mfinyanzi kutoka ukingo wa Tana kwa mkokoteni. Nimeupaka kwa mikono mpaka ukawa laini kama ukuta wa msikiti. Kaltuma, mke wangu, anasema maji tunayanunua halafu mimi nataka kuyamwaga chini. Nilimnyamazisha kwa hadithi. Hakunyamaza.

Alhamisi, 22 Agosti

Jana nilijaza. Niliita watu waje waone. Leo asubuhi tupu. Ardhi imekunywa yote.

Aibu. Mwalimu alikuja, akatazama, akaondoka bila kunitania. Afadhali angenitania.

Halafu Dahabo akatoka nje. Mara ya kwanza tangu afike. Akasimama ukingoni, shuka kichwani, akauliza nani alinifundisha kutengeneza waro kwa viganja. Waro ni bwawa letu la udongo, la malishoni. Akasema waro halishikani bila kwato. Mbuzi waukanyage udongo ungali mbichi, wazunguke mpaka ushikane. Mimi mtoto wa wafugaji, hilo silijui. Baba alinipeleka shule mpaka darasa la nne. Yeye alipelekwa malishoni. Hakuna aliyepata vyote.

Ijumaa, 23 Agosti

Baada ya swala lilipita kundi la Shamsa, mjane wa kutoka Bura, jamaa ya marehemu shemeji. Dahabo mwenyewe alimwita. Nikafungua uzio wa nyuma, mbuzi wakaingia. Tukamwaga maji kidogo juu ya udongo. Dahabo akashika fimbo, akawazungusha. Matope mpaka tumboni. Akaanza kuimba. Wimbo wa kunyweshea. Sauti imechakaa, lakini ni yake.

Majirani wote walijaa uzioni. Nililia. Nikasema ni vumbi. Katikati ya matope yale.

Umbo la figo limekwisha. Sasa ni kama karai lililogongwa na lori. Sijali.

Jumapili, 1 Septemba

Linashika! Maji yamekaa. Njiwa wanakuja. Vyura sijui wametokea wapi. Dahabo anakula anjera, anaomba nyingine. Jana alinicheka, akasema yule simba wa kiatu bila shaka alikuwa fisi, tena mzee. Nimewaambia watu wa mkahawani kwamba nina samaki anayeniitikia salamu. Samaki sina.

Jioni Shamsa huleta mbuzi wake. Mnyama hanyimwi maji. Wanakunywa, tunajaza. Dahabo huwangoja toka alasiri, anawaita kwa majina. Kaltuma amenuna. Wacha anune. Dada yangu amerudi.

Jumatano, 4 Septemba

Shamsa anahama. Malisho ya hapa yamekwisha, anapanda na mto kuelekea Balambala. Hana mtu wa kumsaidia kuchunga. Dahabo anaenda naye.

Nimekataa. Nimepiga kelele, mimi nisiyewahi kumkemea. Kifua kile hakiwezi baridi ya alfajiri wala kulala nje. Daktari alisema apumzike. Sahra alimshika mama yake miguu. Dahabo akamwinua, akanigeukia, sauti ya chini kabisa.

"Walaal, ndugu yangu, umenijengea maji mazuri. Lakini maji yasiyo na mifugo nitayatazama mpaka lini?"

"Huko utakufa, Dahabo."

"Na hapa mkekani nilikuwa nafanya nini?"

 

Alhamisi, 5 Septemba

Wameondoka. Aliwanywesha mbuzi wote kwanza. Nilimfungashia dawa, sukari na blanketi langu. Nilimsindikiza mpaka nyumba za mwisho. Alitembea mbele ya kundi, mgongo umenyooka kama msichana. Hakutazama nyuma.

Nalichukia bwawa hili. Nililichimba ili abaki.

Ijumaa, 11 Oktoba

Dereva wa lori la mifugo alinikuta nje ya msikiti. Dahabo amefariki. Usiku alikohoa, alfajiri hakuamka. Alizikwa siku ileile. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaburi lake sijalitia hata konzi ya mchanga.

Shamsa ametuma salamu. Alikuwa amempa mbuzi wawili wawe wake kabisa, na Dahabo alikuwa akilala kati yao. Sasa ni wa Sahra. Sahra amelia mpaka sauti imekauka.

Watu wa mkahawani walikuja wote. Mwalimu Mutua aliketi nasi mkekani. Dua haijui, alinyanyua mikono tu. Walitaka niseme kidogo juu ya marehemu. Nilisema alikuwa mdogo wangu. Nikaishia hapo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nilichukua sururu nilifukie bwawa. Sheikh alikuwa amekuja kutupa pole, akaona. Akaniambia kila kiumbe kinachokunywa hapo, thawabu zake zinaweza kumfikia niliyemkusudia. Nikageuza kazi. Nimechonga mteremko upande wa njia, hata mwanambuzi ashuke bila kuanguka. Nimetia nia kwa jina lake.

Jioni walikuja punda wawili, sijui ni wa nani. Wamekunywa taratibu, masikio yanacheza. Kaltuma alitoka na ndoo, akaongeza maji, akakaa karibu yangu.