Magauni Yako Yaliyovuka Mpaka

Mama,

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kirewa, kijijini kwa kina Baba, kugawa nguo zako. Shangazi alifungua sanduku mbele ya wanawake wote wa ukoo, akatoa magauni matatu. Akalipindua sanduku, akalipigapiga kwa kiganja kama debe la unga lililokwisha. Halafu akanitazama.

"Mama yako alikuwa na magauni. Mengine nilimnunulia mimi. Athieno, umeyapeleka wapi?"

Nilijua yalipo. Mdomo ukakataa. Unanijua. Nikatazama miguu yangu, na msichana anayetazama miguu yake mbele ya wanawake wa Kirewa amekwisha kuhukumiwa. Baba alikuwa nje na wanaume. Nyuma yangu mmoja akasema, "Watoto wa Busia hao, wa mpakani. Wanauza hata kitanda cha marehemu."

Ningewaambia nini? Kwamba uliyakata mwenyewe, moja baada ya jingine?

Wao hawakukuona ukichuchumaa kando ya barabara kila asubuhi. Karanga ulizinunua Mukuju zikiwa kwenye kavera, kama tunavyofunga kila kitu upande wetu wa Uganda. Lakini ng'ambo, Kenya, mifuko ya plastiki imekatazwa. Kwa hiyo kabla ya kuvuka ulizihamishia kwenye mifuko ya kitambaa uliyoshona kutoka kwenye magauni yako. Kavera uliziacha kwa fundi wa viatu, jioni ukazichukua, ukaziosha, ukazianika. "Kavera ni sahani," ulisema. "Unatupa sahani kwa sababu umeshiba?"

Nilikuwa kidato cha tatu nilipokuomba usizianike mbele ya nyumba, kwa sababu wenzangu wa shule walipita pale. Kesho yake kamba ya kuanikia ilikuwa nyuma ya jiko. Nilifurahi, Mama. Siku ile nilifurahi. Hilo linaniuma kuliko maneno ya Shangazi.

Na mteja akija mikono mitupu, ulimpa mfuko akabebee. "Unarudisha. Hiyo gauni yangu unabeba." Walicheka. Wengine walirudisha, wengine walisahau, nawe ukakata gauni jingine. Miaka yote hiyo nilidhani ni kwamba hupendi kupendeza.

Jumatatu nilivuka peke yangu. Mahali pako sokoni hapajachukuliwa. Mama Nekesa, jirani yako anayeuza omena, dagaa wa ziwani, ameweka gunia lake pale ili mtu mwingine asikae. Nikamweleza jambo lililonileta, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"We msichana, ongea. Hapa hatusomi midomo."

Nikarudia. Alifuta mikono yake kwenye leso, polepole, kila kidole. Nilidhani atanitangazia yeye, maana sauti yake unaijua, inafika hadi kwenye malori yaliyopanga foleni mpakani. Alinisukuma mbele kwa kiwiko. "Mama ni wako. Sema wewe."

Nikasema. "Mimi ni mtoto wa Mama Athieno wa karanga. Amefariki. Naomba mifuko yake." Sauti ilikatika nilipofika kwenye mifuko, lakini wauzaji walikuwa wamekwisha kunigeukia.

Kuna mama mmoja alikuwa hajasikia kwamba umefariki. Alikuwa amebeba nyanya ndani ya gauni lako la kijani. Alizimwaga zote kwenye meza ya mtu, akakung'uta mfuko, akaukunja mara nne kama nguo ya kanisani, akanipa kwa mikono miwili. Yule muuza sabuni mwembamba alikwenda nyumbani mbio, akarudi na miwili. Mmoja ulikuwa umepigwa pasi. "Nilikuwa narudisha," alisema. "Kila siku nilikuwa narudisha." Kufikia mchana nilikuwa na mifuko saba, na Mama Nekesa alikuwa amegeuka upande wa pili, anapanga omena ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jana nilirudi Kirewa. Nilitandaza mifuko kwenye mkeka mbele ya Shangazi, mmoja mmoja. Aliokota ule wa maua ya zambarau, akaupindua ndani nje, akakuta ukosi wa gauni ulioukunja ukawa mshikio. Aliupitishia kidole. "Hili alilivaa kwenye harusi yangu," akasema. Akaupeleka usoni. "Linanuka vitunguu." Kisha akalia, Mama, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi yako.

Hakuniomba msamaha. Aliniuliza kama ulishona kwa cherehani au kwa mkono. Nikasema kwa mkono. Akaita wanawake, nao wakagawana, kila mmoja mfuko wake, kama desturi inavyotaka. Yule aliyesema juu ya kitanda alichagua mkubwa kuliko yote. Yale magauni matatu mazima, ambayo Jumamosi hayakugawiwa, Shangazi aliniwekea mapajani.

Leo nimekata mawili. Imetoka mifuko mitano, mishono yangu haijanyooka kama yako. Nilipofika kwenye lile la bluu nilishika mkasi, nikauweka chini, nikaushika tena. Kwapani bado linanukia wewe. Ninajua ungelikata. Ungesema nguo iliyo sandukuni haimsaidii mtu. Nisamehe, hilo sikuliweza.

Kesho navuka na karanga. Naogopa, lakini nitakaa pale ulipokaa, na mteja akiuliza nitamjibu akiwa bado hajapita. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Nisingependa kukuahidi kubwa zaidi nikashindwa.

Pumzika, Mama. Gauni la bluu nitalivaa kanisani Jumapili. Linanipwaya mabegani, lakini sitalipunguza.

Mwanao,
Athieno