Nanasi la Kadzo

Jumanne, Oktoba 1986

Na kwa nini awe Kadzo? Kaja maabara juzi tu kutoka Kakuyuni, na leo chupa yake imenukia nanasi bivu hata mkubwa wetu akafumba macho.

Sote tulipewa vitu vilevile: spiriti, asidi inayonuka samli iliyochacha, na lipasi, kile kimeng'enya cha mafuta, ili kiziunganishe ziwe manukato. Mimi nikaongeza maji, nikidhani bila maji hakitafanya kazi. Yeye akakausha kila kitu. Yangu imebaki kunuka samli.

"Da Mwanaisha, maji yanairudisha kazi nyuma," akaniambia kwa upole. Huo upole ndio ulionichoma.

Halafu mkubwa akaniomba nisogee kando, eti udi wa nguo zangu unamvuruga pua. Mbele ya Kadzo!

Wakati wa kuosha vyombo, mabaki ya chupa ya Kadzo yakanimwagikia kwenye leso. Nikarudi nayo nyumbani hivyo hivyo.

Mume wangu kaninusa mlangoni. "Leo wanukia vizuri, mke wangu. Umeyatengeneza wewe haya?"

Nikasema ndiyo.

Miaka yote hii najifukiza udi kwa ajili yake. Hajawahi kuniuliza.