Makondo Tisa

Ulemo, 6 Agosti 1994

Mwanangu Aneth,

Shikamoo yako ya kwenye barua nimeipokea, marahaba. Sisi wazima. Mtama tumeshavuna, na tangu biashara iwe huria pumba ya kulishia nguruwe imejaa sokoni Shelui, kila mwenye mashine anauza.

Yule nguruwe mwekundu amezaa juzi. Tisa, wote wadogo kama panya, na watano wamekufa. Niliyapanga makondo ya nyuma juu ya gunia kuyahesabu kama kawaida, nijue hakuna lililobaki tumboni. Yalikuwa membamba, yana mabaka meupe. Dume ni yule yule wa mwaka jana, na jike ni huyu huyu aliyenizalia wale kumi na wawili wanene.

Bwana mifugo akaniuliza nilimlishaje. Nikamwambia mimba ilipokuwa changa nilimpunguzia, asipate watoto wakubwa wakamshinda kuzaa, halafu nikamshibisha. Akasema, "Mama, kondo hupewa maagizo mapema. Njaa ikitangulia kuagiza, shibe ya baadaye haifuti."

Aneth, ndivyo nilivyokuambia ufanye na mimba yako. Mama yangu naye aliniambia hivyo hivyo, kwenye mimba ya marehemu kaka yako Damiani. Mkunga alilinyanyua kondo lake kwenye mwanga, jembamba lenye mabaka meupe kama haya ya nguruwe, akaenda kulifukia.

Kula, mwanangu. Kula hata kama umechelewa. Usiniandikie una mwezi wa ngapi, nimeshahesabu.

Mimi mama yako,
Rahel