Karata Aliyoichagua Mama

Mabatini, Mwanza
9 Februari 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Habari za Leeds na baridi yake? Sisi huku wazima. Mama naye mzima, ila goti lake likihisi mvua linaanza kulalamika kabla hata wingu halijatokea upande wa ziwa. Nakuandikia kwa urefu namna hii kwenye simu kwa sababu kila nikikupigia uko zamu na wazee wako.

Nina shida ya vitabu. Yule dada Mjerumani niliyekuwa namsuka hapa saluni amerudi kwao, akaniachia zawadi ya karata. Si za kuchezea. Zinaitwa taroti, za kutazamia mambo ya mtu. Zina picha nzuri kweli: mfalme, mnara unaowaka moto, mwezi wenye uso. Kitabu chake cha maelezo alishakipoteza. Siku moja nilizitoa kumchangamsha mteja aliyekuwa anasubiri dawa ikolee kichwani, nikabuni maneno, akacheka sana. Sasa wanakuja hata wasiosuka.

Hao nawapa maneno matamu na hakuna anayeumia. Kazi ni kwa Mama. Alipoziona sikusikia kemeo nililolitegemea kwa mtu wa kwaya. Alizishika moja moja, akasema marehemu Babu Shimba naye alikuwa anatazama, yeye kwa kupasua vifaranga, na hakuanza mpaka alipofundishwa. "Kajifunze kwanza. Ukishajua, nina jambo langu." Mama siwezi kumbunia, dada. Huko vitabu vipo vya kila aina, nichagulie kizuri.

Watoto wangu wanakusalimu. Wako Kisesa kwa bibi yao, bado wanalala sebuleni, maana chumba chako Mama hataki kifunguliwe. Anasema utarudi ukute kimechafuliwa.

Mdogo wako,
Selina


Leeds
3 Machi 2024

Mdogo wangu Selina,

Marahaba. Mimi mzima, navaa soksi mbili mbili tu. Goti la Mama lipakwe ile dawa niliyotuma, na asiigawe kwa majirani. Kwa hiyo umekuwa mfumu, mganga wa saluni. Babu alikuwa anapewa kuku, wewe sijui watakupa nywele bandia.

Nimecheka, halafu nikaenda. Kuna duka la vitabu vilivyotumika karibu na kazini, na vya taroti vimejaa rafu nzima. Sikujua nianzie wapi. Mwishowe nikachagua karata moja, nikaitafuta katika kila kitabu nione kinasemaje. Ni ile ya mtu mwenye joho jekundu, amegeuza mgongo, anapanda mlima na fimbo yake, nyuma ameacha vikombe vinane vimepangwa. Kitabu kinene kinasema: kuondoka, kuchoshwa na ulichonacho. Kimemaliza, kama kamusi. Kingine kimejaa nyota na hesabu, nikakirudisha, kilitaka kunitoa jasho kwenye baridi. Cha tatu ni chembamba, na hakisemi maana. Kinauliza: unadhani huyu anaenda wapi, na ni nani aliyevipanga vile vikombe? Nilisimama nacho mpaka mwenye duka akaniuliza kama nahitaji kiti.

Nimenunua kinene na chembamba. Muganyizi, nesi mwenzangu wa Bukoba, anakuja nyumbani Pasaka, atavipitisha Mwanza. Kwa Mama tumia kinene, kinajibu haraka. Kile chembamba ni kisumbufu, sijui hata kwa nini nimekinunua.

Mwambie Mama nitakuja mwakani, asihangaike na chumba.

Dada yako,
Hellen


Mabatini, Mwanza
28 Aprili 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Hujambo na kazi? Huku wote salama, mvua inatunyeshea kwelikweli. Vitabu vimefika, asante sana. Muganyizi ni mpole, ila alinitazama kwa wasiwasi alipoona picha za jalada.

Nasoma wateja wakipungua, Kiingereza kikinishinda natafuta kwenye simu. Kinene nimekizoea, kila karata nusu ukurasa na unajua pa kusimama. Chembamba kinanichosha. Nikikiuliza, nacho kinaniuliza. Lakini mteja mmoja nilimsomea kwa hicho, badala ya kucheka akaongea mpaka nikasahau kumtoa dawa, nusura nywele ziungue.

Ile "mwakani" yako nimemfikishia Mama. Alisema "haya", akaendelea kuchambua mchele. Atakuja kwangu mwezi ujao na jambo lake. Nahofia, dada. Nadhani ni hilo goti, anaogopa kupasuliwa.

Mdogo wako,
Selina


Mabatini, Mwanza
2 Juni 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Mama alikuja, na si goti.

Kitabu kinene kinaagiza nichanganye karata, mwenye shida avute bila kuona. Mama alikataa. Alisema kwa Babu watu hawakuwa wanaokota kifaranga gizani, kila mtu alichagua wake kwenye banda lake. Akazitandaza zote mezani, picha juu, akavaa miwani, akazipitia polepole. Alichukua moja bila kunionyesha, akaifunga kwenye pindo la kitenge na kwenda nayo Kisesa.

Asubuhi akairudisha. Alikuwa ameinong'oneza shida yake na kuitemea mate kidogo, kama walivyokuwa wakifanya kwa kifaranga cha Babu. Nikamwambia, "Mama, hizi ni karatasi, zinalowana." Akasema hata kifaranga kilikuwa kinalowana.

Kitabu kinasema nimuulize anataka kujua nini. Nikauliza. Akanitazama kama mtoto aliyeharibu uji. "Babu yako hakuwa anaambiwa. Ukishaambiwa, unatazama nini tena?"

Nikaigeuza. Ilikuwa ile yako, ya vikombe. Nilifungua kinene, nikayaona yale maneno ya kuchoshwa na ulichonacho, na sikuweza kuyatamka mbele yake. Nikachukua chembamba, nikamuuliza kama kinavyouliza: huyu anaenda wapi, Mama, na ni nani aliyepanga vikombe?

Alijibu bila haraka. Huyu hakufukuzwa, angefukuzwa vikombe vingekuwa vimevunjika. Alivipanga mwenyewe, ili anaowaacha wasipate tabu. Anakokwenda anakujua, ndiyo maana ana fimbo. Kisha akaweka kidole kwenye ule mgongo. "Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Hivi vikombe niendelee kumtunzia, au tuvitumie?"

Nilifunga vitabu vyote viwili nikampikia chai. Jibu lake halimo katika hivyo ulivyonichagulia, dada, na sina mwingine wa kumuuliza.

Mdogo wako,
Selina


Mabatini, Mwanza
14 Julai 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Naona umesoma, jibu silioni. Hatujakasirika. Mama hajauliza tena. Karata aliondoka nayo tena siku ile, ameichomeka kwenye kioo cha kabati lake. Sisi wazima, tuambie tu kama na wewe mzima.

Mdogo wako,
Selina


Leeds
8 Septemba 2024

Selina mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, nisamehe kimya. Nilikuwa naandika "mwakani" na kuifuta. Sehemu hii ya chini msomee Mama, watoto wakiwa nje wanacheza.

Mama,

Shikamoo. Nakuombea afya na goti lipoe. Karata umeisoma vizuri kuliko vitabu vyangu. Hakuna aliyenifukuza, wala sikuchoshwa na nyumbani. Mwaka jana nilipata kibali cha kuishi huku moja kwa moja, na siku ile nilifurahi. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utalia, na mimi nitalia, na tukimaliza kulia jibu litabaki lile lile. Nakupenda, Mama, na sirudi kuishi.

Desemba nakuja kukuona, tiketi ninayo mkononi. Uniulize lolote, nitakuambia nikikutazama usoni.

Kuhusu vikombe, vitumieni. Fungua chumba changu, nguo zinazomfaa Selina azichukue, godoro litoeni nje lipigwe jua, watoto wahamie humo. Wasinipishe nikija. Mimi nitalala sebuleni.

Mwanao,
Hellen