Sindano ya Uzito Imenitenga na Sahani ya Mama

Shikamoo Bi Mwahija. Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mama yangu hajapanda basi akarudi kwao na huzuni.

Mimi nauza mchele hapa Kahama, ila nimezaliwa Kishapu, kwenye pamba na ng'ombe. Mwaka huu magoti yalinielemea na presha ikapanda, daktari akanianzishia sindano ya kupunguza uzito, ile ya kujichoma tumboni kila wiki, na kweli mwili umepungua, ngazi napanda bila kushika ukuta, lakini tangu aniongezee dozi kichefuchefu hakiniachi, choo kigumu, nikila kidogo tu tumbo linajaa kama nimemaliza sufuria nzima, na kinachoniuma zaidi ni kwamba njaa yangu imekufa, Bi Mwahija, ile njaa tamu ya utotoni, tukitoka kuchuma pamba midomo imekauka, Mayu, yaani mama, anatuita, tunauzunguka ugali wa mtama na maziwa mgando, marehemu Baba anatutania mpaka tunapaliwa. Zamani nikikumbuka tu harufu ya moshi wa jiko lake nilisikia njaa hapohapo. Sasa nikiikumbuka, tumbo linageuka.

Mayu amekuja kunitembelea. Alibeba kuku wa kienyeji, samli na michembe, vile viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe, akaingia jikoni kwangu akanikataza kushika mwiko, akapika huku akiimba kama zamani, mimi nimekaa mlangoni namtazama mgongo natamani niwe mtoto tena. Akanipakulia sahani ya mlima. Sindano sikuwa nimemwambia, niliona aibu, maana kwetu unene ni neema, atauliza nani amenidanganya niuchukie. Basi nikala yote, kwa ajili yake, kuku na samli yake. Sikufika mbali, nilitapikia uani, na Mayu akaja akanishika mgongo.

"Nyamizi, una mimba?"

"Mayu, kwa umri huu?"

Akasema polepole, "Baba yako alianza hivihivi. Alikataa chakula kwanza." Akakaa chini pale uani, akalia.

Tangu hapo hanipikii, ananitazama tu. Mimi nami hata maji nimeyaogopa kwa sababu ya kutapika, na jana nilipata kizunguzungu dukani nikaangukia magunia. Niache sindano nile na mama yangu kama zamani, au niendelee nimwone akinililia nikiwa hai?

Nyamizi, Kahama

*

Marahaba, Nyamizi. Barua yako sikuisubirisha kipindi, nilikupigia simu, maana mtu anayetapika, asiyekunywa maji na anayeanguka hasubiri zamu redioni. Nashukuru ulikwenda hospitali siku ileile, wakakuongezea maji, na daktari akakurudisha kwenye dozi ya chini. Na wasikilizaji wengine wanisikie: ukitapika hadi maji hayakai, mkojo ukawa mchache na mweusi, au tumbo likauma sana bila kuachia na kuchomea mgongoni, usiniandikie mimi. Nenda hospitali.

Sasa nikugombeze kidogo. Dawa hii inachelewesha chakula tumboni. Ndiyo maana unashiba upesi, na ndiyo maana kichefuchefu huwasumbua wengi mwanzoni na kila dozi inapopanda, kisha wengi hupata nafuu. Wewe ukalishindilia tumbo hilo sahani ya mlima yenye samli! Ungeshangaa kama lisingerudisha. Kula kidogo kidogo, taratibu, na ukisikia umeshiba weka mkono chini hata kama tonge moja limebaki. Mafuta mengi yaache kwa sasa. Anza na samaki wa kuchemsha, yai, maharage, uji mwepesi. Maji yanywe kwa mafunda madogo mchana kutwa, usilale ukitoka kula. Kwa choo, ongeza mboga za majani na matunda, na tembea. Kisipolainika, daktari ana dawa. Kuacha, kuruka au kuongeza sindano si uamuzi wako wala wangu, ni wa kuzungumza naye.

Ile njaa ya shambani nakuelewa, mama. Mimi nilikulia kwa bibi yangu Tabora, na hadi leo nikisikia kinu kinatwangwa nasimama njiani. Lakini tukumbuke vizuri: ulichokipenda pale ni kukaa na watu wako, na hilo hakuna sindano inayolizuia. Keti naye, kula vijiko vyako vichache, mwambie akusimulie.

Ila kosa lako kubwa si samli. Umemwacha mjane amwone mumewe akifa mara ya pili, kwa sababu ya aibu yako. Leo hii, kabla jua halijazama, mtolee hiyo sindano aione kwa macho yake. Mwambie huumwi ugonjwa wa Baba, unatibiwa magoti na presha, na kupungua huku ndiyo tiba yenyewe. Mwache aulize mpaka achoke. Na usimweleze kwa Kiswahili cha hospitali, Nyamizi. Mwambie kwa Kisukuma, asikose hata neno moja.