Jina la Mtoto wa Dada Nabintu

Alhamisi, manyunyu tangu asubuhi. Brussels haijui kunyesha ikamaliza.

Leo binti yangu Neema ametetea kazi yake ya mwisho ya chuo mbele ya maprofesa. Mimi niliishia darasa la sita, lakini nilikaa mstari wa mbele na kitenge changu cha sherehe. Aliyeniuliza mimi ni nani nilimwambia: yule mwenye tumbo la miezi saba na Kifaransa kinachotiririka, nimemzaa mimi. Hata ambaye hakuuliza nilimwambia.

Kazi yenyewe ni juu ya namna Wayahudi wa zamani walivyozika wanawake waliokufa wajawazito. Nilimkataza. Mwenye mimba anatafuta nini humo? Alicheka tu: "Maman, vitabu haviambukizi."

Bon, nikasikiliza. Alisema katika vijiji fulani, wanawake waliomwosha marehemu walimwinamia sikioni wakamwomba amwachie mtoto atoke, maana haikufaa kuzikwa naye tumboni. Mtoto akitoka, alipewa jina palepale makaburini, ili siku ya ufufuo asisahaulike.

Hapo niliacha kutazama viatu vya maprofesa.

Dada yangu Nabintu alikufa na mimba, kwetu Kivu. Wazee wetu nao walikataa azikwe hivyo. Walimtoa mtoto, msichana, wakamzika kando, kwenye migomba. Hakuna aliyemwomba Nabintu chochote.

Na mtoto hakupewa jina. Tukimtaja, tunasema "kile kitu".

Sikulia. Nilikuwa kama mtu anayesikia habari za nyumba ya jirani, kumbe ni yake.

Neema amepata alama kubwa. Sikushangaa, akili alizitoa kwangu.

Ndani ya tramu, tukirudi kwetu Schaerbeek, nilimsimulia yote. Akauliza, "Tante Nabintu angemwita nani?"

Furaha. Nabintu aliniahidi mwenyewe: akizaa msichana, atampa jina langu.

Lakini Furaha nilikwisha kumwekea mjukuu wangu. Kanisa letu lote pale mtaa wa Matonge linajua. Hata kofia nimefuma, jina liko mbele, kwa uzi mwekundu.

"Maman, wangu yuko hai," akasema Neema. "Huyu atapata lingine."

Baada ya vituo vitatu nikakubali.

Tulipofika nyumbani nilimpigia kaka yangu aliyebaki Kivu. Kesho ataenda kaburini kwa Nabintu, ainame, amwambie kwa sauti ndogo kwamba mtoto wake anaitwa Furaha. Kisha aende kwenye migomba, amwite na mtoto mwenyewe kwa jina lake.

Jumapili wamama wa kanisa wataniuliza kofia ni ya nani. Nitawaambia nini?